BIA, MNAZI NA MWILI WAKO: MAMBO YA KUJUA KABLA YA LIKIZO YA PWANI

Msimu wa likizo unapowadia, mabasi na garimoshi la kutoka Nairobi huteremsha maelfu ya wageni Mombasa. Wengi wao hawatui mzigo mpaka wamevuka feri ya Likoni na kushika njia ya kusini kuelekea Tiwi, Ukunda na Diani, na wachache huendelea hadi Msambweni na Shimoni. Miongoni mwa starehe wanazozifuata huko ni kuonja vinywaji. Mtu aliyezoea bia moja nyumbani kwake hukutana na nyingine za kutoka Tanzania, Uganda na Ujerumani, na baada ya siku mbili rafiki humletea mnazi uliogemwa asubuhi ile ile. Ndipo ubishi huanza: ipi tamu, ipi kali, ipi haina madhara?

Makala haya, ndugu msomaji, hayakuandikwa ili kumshawishi asiyekunywa aanze. Kwale ni kaunti yenye Waislamu wengi, na wengi wa wenyeji hawaonji pombe maisha yao yote wala hawapungukiwi na kitu. Asiyekunywa abaki alivyo. Mnamo Januari 2023, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kabisa kwa afya. Tangu mwaka 1988 pombe imo katika orodha ya vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu, kama vile ya kinywa, koo, umio na ini, na baadaye ilithibitishwa kuwa hata saratani ya utumbo mpana na ya matiti imo. Lakini maadamu wapo wanaokunywa, ni afadhali wajue wanachokunywa.

NI NINI KILICHOMO CHUPANI?

Bia hutengenezwa kwa vitu vinne: maji, nafaka, hopi na hamira. Nafaka yenyewe aghalabu huwa ni shayiri iliyoloweshwa ikachipua, kisha ikakaushwa, nayo ndiyo huitwa kimea. Hopi ni maua ya mmea utambaao, na ndiyo yanayoipa bia uchungu wake. Hamira hula sukari ya kimea na kuacha vitu viwili, yaani pombe na ile hewa inayofanya povu. Huko Bavaria, Ujerumani, amri ya mwaka 1516 ilitaka bia ipikwe kwa shayiri, hopi na maji peke yake. Hapa kwetu si ajabu kuona mtama, mahindi au sukari vikiongezwa. Hilo si kosa la kiafya, bali hubadilisha ladha na bei.

Rangi ya bia hutokana na jinsi kimea kilivyokaangwa. Kikikaushwa kwa moto mdogo, bia huwa ya rangi ya dhahabu. Shayiri ikikaangwa hadi ikawa nyeusi kama buni, bia huwa nyeusi. Hapa ndipo wengi hukosea. Utamsikia mtu akisema bia nyeusi ni kali na nyingine ni "ya akina mama". Si kweli. Guinness ya bomba inayouzwa Ireland ina pombe asilimia 4.2, sawasawa na Tusker. Ziko aina za Guinness ya chupa zenye zaidi ya hapo, lakini si weusi uliozifanya kali. Nguvu ya bia haisomwi kwa rangi. Husomwa kwenye karatasi iliyobandikwa chupani.

HESABU NDOGO

Basi tusome karatasi hizo. Tusker ina asilimia 4.2. Kilimanjaro ya Tanzania ina 4.5. Safari, ya Tanzania pia, ina 5.5, na Nile Special ya Uganda ina 5.6. Ukizitazama tarakimu hizi utadhani tofauti ni kidogo. Hebu tuzigeuze ziwe gramu, kwani ini halijui majina ya bia, linajua gramu.

Chupa ya mililita 500 ya Tusker ina takriban gramu 17 za pombe tupu. Kilimanjaro ya kiasi hicho ina 18, na Safari na Nile Special zina 22 kila moja. Kwa hivyo mtu aliyezoea kunywa Tusker nne nyumbani, akienda likizo akanywa Nile Special nne, amekunywa gramu 88 badala ya 68. Tofauti hiyo ya gramu 20 ni zaidi ya chupa moja nzima ya Tusker, ijapokuwa chupa alizozihesabu mezani ni zile zile nne. Hii ndiyo sababu mtu husema, "Nilikunywa kama kawaida yangu, sijui kilichonipata."

Ini la mtu mzima huunguza takriban gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa. Hakuna cha kulihimiza, si kahawa kali, si kuoga maji baridi, si supu ya pilipili. Tuchukue mtu aliyekunywa Tusker sita kutoka saa mbili usiku hadi saa sita. Pombe hiyo itakwisha mwilini mwake baina ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi ya siku ya pili. Akishika usukani saa moja asubuhi ili awahi feri, yamkini bado amelewa, hata kama ameoga, amepiga mswaki na kunywa chai.

Fauka ya hayo, miili si sawa. Mwanamke aghalabu ana maji machache mwilini kuliko mwanamume wa uzani sawa na wake, na kwa hivyo kiasi kile kile cha pombe humwingia zaidi katika damu. Naye mjamzito asionje hata tone, kwani pombe humfikia mtoto aliye tumboni na yaweza kumharibu ubongo.

MNAZI WA MGEMA

Sasa tuje kwenye kinywaji cha wenyewe. Mnazi, au tembo, haupikwi. Mgema hupanda mti asubuhi na jioni, akaikata kwa kotama ncha ya karara changa la mnazi, na utomvu ukadondoka taratibu katika kibuyu. Unapodondoka ni mtamu kama maji ya sukari na hauna pombe ya kutajika. Lakini vijidudu vya hamira vilivyomo hewani na ndani ya kibuyu huanza kazi papo hapo. Baada ya saa chache pombe imeshaingia, na baada ya siku moja mnazi waweza kufika kiasi cha asilimia 4 hadi 6, yaani nguvu za bia. Ukiachwa zaidi, vijidudu vingine huigeuza pombe hiyo kuwa siki.

Mnazi, basi, si kinywaji kimoja. Wa asubuhi si wa jioni, na wa leo si wa jana. Mgeni anayeonja mnazi mchanga mtamu, akaupenda, akarudi jioni akanywa kiasi kile kile kutoka dumu lile lile, atalewa asijue kwa nini. Bia ya kiwandani imesimamishwa mahali pamoja, ilhali mnazi unatembea. Usiutie mnazi katika chupa ukafunga kizibo kwa nguvu ili uupeleke Nairobi, kwani huendelea kutoa hewa na chupa yaweza kupasuka usoni mwako.

Kwa Wamijikenda mnazi una heshima zake. Hutajwa katika mahari, hunywewa harusini na matangani, na wazee huumwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia. Hunywewa kwa mrija wenye kichujio kinachozuia nyuki na takataka nyingine zilizoangukia kibuyuni. Kichujio hicho, hata hivyo, hakizuii viini vya maradhi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Daktari huuliza swali moja zaidi: maji hayo yalitoka wapi? Ikiwa ni ya kisima kilichochafuka, kipindupindu na homa ya matumbo vinaweza kuja pamoja nayo. Mnunulie mgema anayejulikana na majirani zake, katika chombo safi, na uunywe siku ile ile.

Jambo la mwisho kuhusu pombe za kienyeji ni hili. Bia na mnazi wenyewe haviui kwa methanoli. Kinachoua ni pombe kali za magendo zilizochanganywa na kemikali za viwandani, au mnazi ulioongezwa pombe hizo ili uwe mkali. Mnamo Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walifariki Nairobi baada ya kunywa pombe ya aina hiyo, na wengine wakapofuka. Methanoli hugeuzwa na ini kuwa tindikali inayoua mshipa wa jicho. Dalili huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24. Mtu akianza kuona ukungu, kuumwa na tumbo na kupumua kwa haraka siku ya pili ya ulevi, asipewe maziwa wala asilazwe apumzike. Akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo, maana dawa ipo ikiwahi.

NAMNA YA KUONJA NA KULINGANISHA

Kuna tofauti kubwa kati ya kuonja na kunywa. Anayetaka kujua ladha za bia tano hahitaji chupa tano. Akusanye marafiki wanne, wote wawe watano. Kila chupa ya mililita 500 igawiwe katika bilauri tano ndogo, mililita 100 kila mtu. Zikishaonjwa bia zote tano, kila mmoja amekunywa mililita 500, yaani chupa moja tu, na amelinganisha tano. Hivyo ndivyo mkono unavyoweza kuusaidia ulimi bila kuliumiza ini.

Anza na bia nyepesi, malizia na nyeusi, kwani uchungu mkubwa huufunika mdogo. Kati ya moja na nyingine, kunywa maji na utafune mkate mkavu au ugali mtupu. Usile viazi karai vyenye pilipili wala nyama choma mpaka umalize, maana chumvi na mafuta huupumbaza ulimi. Bia isiwe baridi kama barafu. Baridi kali huua ladha, na ndiyo maana bia mbaya huonekana nzuri ikiwa imeganda. Inuse kwanza, kwani sehemu kubwa ya kile tuitacho ladha hutoka puani. Mtu mwenye mafua asijisumbue kulinganisha chochote.

Ukitaka kumaliza ubishi, ficha chupa. Mwambie mtu mmoja amimine bilauri tatu, mbili za bia moja na ya tatu ya bia nyingine, kisha wengine waitafute ile iliyo pekee. Utashangaa kuona ni wangapi waliokuwa wakiapa kwa jina la bia yao hawaitambui karatasi ikiondolewa. Zoezi hili hufaa pia pale bia ile ile inapoonekana tamu zaidi Diani kuliko nyumbani. Mara nyingi bia haikubadilika. Kilichobadilika ni kiu, jua na moyo uliotulia.

Kuna badiliko moja, hata hivyo, ambalo ni la kweli. Mwangaza wa jua huiharibu hopi. Bia iliyo katika chupa nyeupe au ya kijani, ikiachwa mezani ufuoni, huanza kunuka kama kicheche baada ya muda mfupi. Chupa ya rangi ya kahawia huzuia mwangaza vizuri zaidi. Bia hiyo haitakudhuru, lakini usiihukumu kampuni kwa kosa la jua.

JOTO NA BAHARI

Pombe huizuia homoni inayoamuru figo zihifadhi maji. Ndiyo maana mnywaji huenda haja ndogo kila mara, na maji anayotoa yaweza kupita aliyoyapata. Katika joto la pwani, ambako jasho halikauki kwa unyevu wa hewa, upungufu huo huja haraka. Kwa kila chupa ya bia kunywa bilauri mbili za maji. Dafu ni zuri zaidi, kwani lina maji, sukari kidogo na chumvi za mwili. Tena linauzwa hapo hapo ufuoni.

Usiogelee baada ya kunywa. Diani ina mwamba unaouzuia wimbi kubwa, na bahari huonekana shwari kama bwawa. Lakini maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na penye mikondo ya kupita mwambani mkono uliolewa hauna nguvu. Aliyekunywa hajui kwamba amechoka mpaka amechoka kabisa. Anayeogelea aogelee kwanza, kisha ndipo aketi mezani.

NI HANGOVA AU NI MALARIA?

Hapa, msomaji, naomba usome polepole, kwani hili ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Pwani ya kusini ni nchi ya malaria. Mtu aliyezaliwa na kulelewa Nairobi hana kinga ya kutosha dhidi yake, hata kama wazazi wake walitoka sehemu zenye mbu wengi. Jioni huketi bustanini kwa kaptura na kandambili, chupa mkononi, saa zile zile mbu wanapoanza kazi. Utafiti uliofanywa Burkina Faso na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watu waliokunywa dolo, pombe ya kienyeji ya mtama, waliwavutia mbu waenezao malaria zaidi kuliko walipokuwa hawajainywa. Isitoshe, mlevi hulala bila kushusha chandarua, wala hashtuki anapoumwa.

Sasa tazama dalili. Hangova huleta kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, uchovu na maumivu ya viungo. Malaria huleta kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, uchovu na maumivu ya viungo. Mtu aliyekuwa kwenye starehe wiki nzima hujisemea, "Ni pombe tu, itaisha," akazimua kwa chupa nyingine na kumeza vidonge vya maumivu. Siku ya pili hupita, na ya tatu. Malaria kali kwa mtu asiye na kinga yaweza kuua katika siku chache.

Shika kanuni hizi tatu. Kwanza, hangova huisha ndani ya siku moja. Kinachozidi saa 24 si hangova mpaka damu ipimwe. Pili, hangova haileti joto kali la mwili wala kutetemeka kwa baridi. Kipimajoto kikisoma nyuzi 37.5 au zaidi, nenda ukapimwe. Tatu, malaria haitokei siku ya pili baada ya kuumwa na mbu. Huchukua angalau siku 7, na mara nyingi 9 hadi 14. Aliyekaa Diani wiki moja, basi, huenda asiugue huko. Huugulia Nairobi, akiwa amerudi kazini, baada ya karamu ya kuwasimulia wenzake safari. Ukimwona daktari wakati huo, neno la kwanza kumwambia liwe, "Nilikuwa pwani."

Kipimo cha haraka cha malaria hutumia tone la damu na hutoa jibu kwa muda wa takriban dakika 15 hadi 20. Aliye likizoni anaweza kupimwa katika vituo vya afya vya Ukunda au katika hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko Msambweni. Dawa ya mchanganyiko wa atemetha na lumefantrini humezwa kwa siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili iingie mwilini. Aliyeimeza kisha akatapika ndani ya nusu saa lazima arudie kidonge. Kwa sababu hiyo, siku za dawa si siku za pombe.

La mno ni hili. Malaria kali hushusha sukari ya damu na kuuvuruga ubongo, na pombe nayo huishusha sukari, hasa kwa mtu asiyekula. Mgonjwa aliyechanganyikiwa, anayepayuka na kuyumbayumba, akiwa ananuka bia, aghalabu huachwa alale "mpaka kilevi kimtoke". Usimwache. Mguse. Akiwa na joto kali, au ukishindwa kumwamsha, mpeleke hospitali. Afadhali daktari akute ni mlevi kuliko jirani akute ni maiti.

WENYE DAWA NA MARADHI

Mwenye kisukari anayejidunga insulini anaweza kushukiwa na sukari kwa hatari saa kadhaa baada ya kunywa, hata usingizini. Anayetumia metformini asinywe pombe nyingi, kwani damu yake yaweza kujaa tindikali. Anayetumia metronidazoli kwa ajili ya kuhara, ugonjwa wa kawaida wa wasafiri, asiguse pombe mpaka amalize dawa na siku zaidi baadaye. Mnywaji wa kila siku asimeze parasetamoli kupita kiasi kilichoandikwa, kwani ini lake limeshachoka. Mwenye shinikizo la damu ajue kwamba chupa kadhaa kila jioni zaweza kuifanya dawa yake ionekane haifai.

LIKIZO INAPOKWISHA

Kipimo cha mwisho hufanywa nyumbani. Siku moja au mbili baada ya kurudi na kuacha kunywa, tazama mikono yako. Ikitetemeka, ukitoka jasho bila joto, ukikosa usingizi na moyo kukudunda, mwili wako umeshaizoea pombe na unaidai. Hilo si la kuchekwa wala la kufichwa. Aliyekuwa akinywa sana kila siku asiache ghafla peke yake, kwani anaweza kupata kifafa katika siku hizo za mwanzo. Amwone daktari, kuna dawa za kumvusha salama. Nambari 1192 ya NACADA hupigwa bila malipo na yeyote anayetaka ushauri kuhusu pombe, yeye mwenyewe au mtu wake.

Ukienda Diani, basi, soma chupa, gawa bilauri, kunywa maji, ogelea kwanza, na ushushe chandarua. Na kichwa kikikuuma wiki mbili baada ya kurudi, usiilaumu bia kabla ya kupima damu. Nawatakia likizo njema na afya.